Aliyefukia na Aliyefukua

Jumamosi, jioni. Mawingu yamekaa juu ya mtaa wetu wa Gihosha tangu mchana na mvua haitaki kunyesha. Kitambaa cha ujane nimekivua. Kuanzia leo mimi si mfiwa tena, kwa hiyo naweza kuandika kwa hasira bila mtu kuniambia kwamba ni huzuni.

Leo tumeganduka. Kwa mnaonisoma kutoka mbali, kuganduka ni siku ya kufunga matanga, kama mwaka mmoja baada ya mazishi. Watu wanakaa chini ya hema, wanakunywa, wanatoa hotuba, kisha maisha yanaendelea. Aliyeliliwa ni mume wangu, Fabien. Alikufa kwa ugonjwa wa ini, amekwisha kustaafu jeshini, kitandani.

Kitandani. Narudia neno hilo makusudi.

Narudia kwa sababu ya shemeji yangu Gaspard, kaka mkubwa wa Fabien, mtu wa ofisi huko Kigobe ambaye hajawahi kushika hata koleo. Aliandika hotuba ya kurasa sita juu ya askari aliyepiga risasi mpaka adui akatupa viatu. Aliniletea niisome, nikahesabu. Bunduki: mara tisa. Daraja: hakuna. Bomu la ardhini: hakuna. Nilimuuliza huyo aliyemwandika ni nani. Akasema nisianze.

Fabien alikuwa jenie. Ndivyo tunavyowaita hapa wahandisi wa jeshi, na brigedi yao watu hawaielewi na wala hawataki kuielewa. Wanaona askari na koleo, wanacheka: wachimba vyoo. Sawa, vyoo pia walichimba, jeshi lote linakwenda haja. Lakini askari wa miguu havuki mto kama jenie hajaweka daraja, na lori la chakula haliingii barabara kama jenie hajaipitia kwanza, amelala kwa tumbo, anachoma udongo taratibu kwa chuma chembamba. Wanaingia mbele ya wote na kutoka nyuma ya wote. Vitani kazi yao ni mbili, kumfungulia njia mwenzako na kumfungia adui yako. Vita ikiisha inabaki ya tatu, ile isiyopigiwa tarumbeta: kufukua kile kilichofukiwa. Na mvua ikikata barabara ya mlimani, au mto ukiingia vyumbani mwa watu, wanaitwa hao hao na mifuko yao ya mchanga. Siku hiyo sijasikia mtu akitaja choo.

Amani ilipokuja, majeshi yakachanganywa. Waliotoka kambini na waliotoka msituni wakavaa kombati moja. Kwa jenie jambo hilo lilikuwa na uchungu wake wa pekee, maana waliokuwa wakifukia mabomu barabarani walipewa vitanda karibu na waliokuwa wakiyatafuta. Mkubwa wao akawapanga wawili wawili, mmoja wa huku na mmoja wa kule. Fabien, wa kambini, akapewa Sévérin, wa msituni.

Ajida Sévérin (ajida ni cheo chake) anakaa Kamenge, nyuma ya depo yangu ya saruji. Mimi katika siku hii nzima nilitaka jambo moja tu. Nilitaka binti yetu Lyse, mwenye miaka kumi na saba, asikie kutoka kwa mtu aliyekuwepo kazi aliyoifanya baba yake. Shuleni wanamwambia ni mtoto wa mchimba vyoo. Nyumbani baba yake mkubwa anamwambia ni mtoto wa simba. Mtoto amebanwa katikati, hana baba wa kweli wa kumkumbuka.

Nikampigia Gaspard, nikamwomba Sévérin apewe dakika chache za kusema. Huwa ananisemesha Kiswahili ingawa lugha ya kwao ni Kirundi, nadhani ili nisisahau nilikotoka.

"Apana, Mama Lyse. Yule mutu alikuwa upande ule. Hawezi kusimama mbele ya familia kumulilia ndugu yetu."

"Walifanya kazi pamoja, shemeji."

"Kazi ni kazi. Na hizi mila si za kwenu Uvira. Utuachie sisi."

Si za kwetu. Mimi nilivuka mpaka na gunia la misumari, nikaiuza kwa kilo, kisha kwa konzi, kisha kwa mmoja mmoja. Leo nina depo mbili. Mtu hauzii watu miaka yote hiyo bila kujua wanavyokunywa. Gaspard alizaliwa ndani ya mila hizi, kwa hiyo hazitazami. Mimi nilijifunza kama ninavyojifunza bei.

Na mila yao ni hii: bia haifiki kwenye sherehe ikiwa bubu. Aliyeleta kinywaji anasimama na kukitolea neno, na mwenye nyumba hana ruhusa ya kumkatiza. Halafu mtu wa familia anasimama naye anajibu kwamba tumepokea. Neno lisipojibiwa, kreti haifunguliwi. Inakaa pale katikati ya hema, wageni wanaitazama, na familia inatazamwa.

Basi Sévérin hakuhitaji dakika za Gaspard. Alihitaji kreti.

Jana nilimwita deponi nikamwambia kesho alete kreti nne za bia, nzima nzima.

"Nitazitoa wapi, Mama Lyse? Mi pansheni yangu unaijua."

"Ziko kwenye pikapu yangu. We lete mudomo."

"Mudomo ninao. Lakini hauna adabu."

"Ndiyo huo ninaoutaka."

Leo Gaspard alisoma kurasa zake zote. Wageni walipiga makofi, wengine kwa sababu alikuwa amemaliza. Hapo ndipo Sévérin alipoingia amebeba kreti ya kwanza begani, akairudia pikapu kwa ya pili, ya tatu, ya nne, bila haraka, na shati lake jeupe limelowa mgongoni. Akazipanga mbele ya meza ya familia. Gaspard alinitazama. Mimi nilikuwa naitazama mikono yangu, mpole kama sanamu ya kanisani.

Sévérin alisema kwa Kirundi. Naandika kwa lugha yangu, kama nilivyosikia.

Alisema: mimi nilifukia, Fabien akafukua. Tulipopangwa pamoja alinichukia, na alikuwa na haki. Hakunywa maji kutoka kidumu nilichogusa. Lakini alinihitaji, maana mimi nilijua sisi tulivyokuwa tukifikiri. Hatukuwa tunafukia popote tu. Tulifukia mahali lori linapopunguza mwendo kabla ya daraja, na kwenye kivuli ambapo mtu aliyechoka lazima akae. Nilikuwa namwonyesha kivuli, yeye analala kwa tumbo anaanza. Siku nzima tunatoka na kipande cha barabara kisichozidi urefu wa hema hili. Watu wanaopitisha ndizi zao pale leo hawajui jina lake.

Nikafikiri: hapo, inatosha, kaa chini. Lyse alikuwa ameinua uso. Nilikuwa nimepata nilichokitaka.

Hakukaa.

Alisema: kila asubuhi, kabla hatujaingia, Fabien alikwenda nyuma ya gari akatapika. Si siku moja moja. Kila asubuhi. Halafu anafuta mdomo kwa mkono wa shati, anasema twende. Mara mbili aliomba kuhamishwa apelekwe jikoni. Wakamkatalia.

Gaspard akasema kwa sauti ya chini, lakini ya kusikika, "Aibu gani hii." Akavuka miguu yake na kuegemea kiti. Nilielewa mara moja. Ndiye aliyepaswa kujibu kwa niaba ya familia, na alikuwa ameamua kutojibu. Bia zingelala pale, na neno la Sévérin lingelala nazo, kama kwamba halikusemwa.

Lyse ndiye aliyeuliza, na wala hakuinuka.

"Baba alikuwa anaogopa?"

"Sana, binti yangu. Kuliko sisi wote. Wenye kutoogopa tuliokuwa nao, wawili tuliwarudisha kwao bila miguu. Baba yako alitoka na yake yote miwili, na mimi na yangu, kwa sababu hakuna siku aliyoharakisha."

Gaspard bado ameegemea kiti. Wageni wanatazama kreti.

Mjane hasemi katika siku yake. Nalijua hilo pia, nimelisoma pamoja na mengine. Nikasimama. Nikasema kwa Kirundi changu chenye mikwaruzo, ambacho wifi zangu hukiiga jikoni, kwamba familia ya Fabien imesikia neno la Sévérin, imepokea bia yake, na kreti zifunguliwe. Gaspard akasema, "We nani alikutuma?" Nikamjibu kwa Kiswahili, kwa kuwa ndicho anachopenda kunisemesha: "Anayekataa asinywe."

Walifungua. Hata yeye alikunywa, mbili, niliziona.

Sasa wote wamekwenda, viti vimerudishwa kwa mwenye kuvikodisha, na mimi nimekaa barazani na simu hii. Mngedhani nimeridhika. Lyse ameridhika. Amemsindikiza Sévérin mpaka barabarani na amerudi na macho mekundu, lakini anatembea wima.

Mimi sijaridhika hata kidogo.

Miaka yote ya kazi hiyo nilikuwa naamka kabla ya jua kumpikia Fabien uji. Uji wa nyumbani kwetu, na karanga. Hakuugusa. Anasukuma bakuli, anasema nitakula huko. Nilidhani anadharau mkono wangu, kama dada zake wanavyoudharau. Nilimnunia. Kuna wakati nilimsema mbele ya majirani. Naye alifunga viatu vyake, kumbe anajua kwamba chochote atakachomeza kitatoka nyuma ya gari. Mgeni mwenye kreti nne ndiye amekuja kuniambia, mbele ya watu wote, mwaka mzima baada ya kaburi.

Angesema tu. Neno moja, asubuhi moja. Ningempa chai kavu.

Gaspard najua nitamfanya nini: simu yake sipokei. Wa shuleni nao najua nitawaambia nini. Lakini leo aliyenikosea zaidi ni Fabien, na nimekwisha kuvua kitambaa chake. Hasira juu ya marehemu mtu anampelekea nani?