Kidole Kisikuzuie Kurusha

Tessa,

"Huyo binti anakurushia mpira kama anarushia kuku mahindi!" Ndivyo Hutchins alivyonipigia kelele asubuhi kutoka uzioni kwake. Nikamjibu, "Jirani, kakate majani yako!" Ulisikia yote. Kilichoniuma ni kwamba alisema kweli. Tangu mpira wako unigonge goti unanihurumia, unarusha polepole, na majaribio ya kuchagua mrushaji wa timu ya softiboli ni Jumamosi. Ndiyo maana nilikufokea urushe kwa nguvu zako zote. Ukarusha. Mpira ukanigonga kidole gumba, kikavimba, nawe ukajifungia chumbani ukilia kwamba hutarusha tena.

Naenda kupigwa picha ya kidole. Mtoe mbwa nje. Maharage yako jikoni kwenye moto mdogo, yasiungue.

~~Leo pumzika.~~ Hapana. Nimemeza hasira nikaenda kumwomba Hutchins. Alikuwa mdakaji wa besiboli ujanani, mtaa mzima tumechoka kusimuliwa. Saa nne atakuja na glavu yake akae kwenye ndoo ninayokaliaga nikikudakia. Usimhurumie hata kidogo.

Akishalalamika mkono unamwaka moto kwa mipira yako, mwambie, "Karibu ndani, mzee, tule."

Mama