Zamu ya Ng'ombe wa Chuma

Isiolo, Jumanne, 18 Septemba 1984. Asubuhi upepo mkavu, vumbi jingi, mlima hauonekani. Hakuna wingu.

Aba,

Leo nimelitaja jina lako mbele ya watu, na sijui kama nimekutii au nimekukosea. Tangu tukuzike, baba yangu, nimekuwa nikikuombea kimya kimya. Leo nilikutaja kwa sauti, pale kwenye lango la maji, na sasa siwezi kulala kabla sijakueleza.

Mashine ya umeme wa maji imemalizika. Ulituacha bomba likiwa bado limelazwa majanini; sasa limeunganishwa na kupakwa rangi, linateremka mpaka nyumba ya mashine. Nguzo zimefika zahanati. Nesi Kagwiria amewekewa balbu juu ya kitanda cha kuzalia, na huifuta vumbi kila asubuhi ingawa haijawaka hata mara moja. Wewe ulijua maana ya balbu hiyo. Usiku ule mke wa Boru alipokuwa akijifungua, nesi alikosa mafuta ya taa, nawe ukasimama nje ya dirisha, uso umegeukia giza, mkono mmoja tu ndani, ukiwamulikia kwa tochi. Betri zikafa. Ukaendelea kuishika tochi iliyozimika mpaka mtoto akalia. Asubuhi yake ulikwenda kwa kamati ya umeme ukasema utabeba mawe ya kujengea ukuta wa lango.

Na wewe ndiwe uliyewashawishi wafugaji. Fundi Mwiti aliwaambia mara nyingi kwamba mashine hainywi maji, inayapitisha tu na kuyarudisha mtoni. Ukamjibu, "Mwiti, yanarudi pale chini kwenye majabali. Ngamia atashuka na ngazi?" Alicheka mpaka akakaa chini. Tangu siku hiyo mashine ikawa ng'ombe wake wa chuma, na kila alipokuja kunywa chai kwetu Kiwanjani ulimuuliza kama amezaa.

Ulikuwa baba wa herega kwenye visima vya Garbatulla, mpanga zamu, mtu wa kusema nani anywe kwanza na nani angoje. Basi ukaipa na mashine zamu. Mifugo inywe mchana kutwa. Jua likizama, lango lifunguliwe, maji yaingie mferejini, taa ziwake. Na ukawaapia wazee wa mifugo pale mtoni: "Huyu ng'ombe wa Mwiti atakunywa mwisho. Mnyama mwenye kiu akiwa bado amesimama, huyu angoje." Hakuna aliyeandika. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yako na birika la chai.

Aba, hukuona mwaka huu. Mvua ya masika haikuja. Watu wamefika na mifugo kutoka Korbesa na mbali zaidi, na mto umebaki kamba tu. Ukiyagawanya maji, hayatoshi kuizungusha mashine. Ama yote yaingie bombani, ama yote yabaki mtoni. Jua linazama na foleni haijaisha. Ng'ombe wanafika gizani, wengine wakisukumwa ubavuni na watoto wasije wakalala chini wasiinuke tena. Zamu ya mwisho haifiki.

Leo kamati, ambayo sasa mimi ni katibu wake, iliamua lango lifunguliwe mashine ijaribiwe, kwa sababu Alhamisi kuna wageni wanaokuja kuona taa zikiwaka. Wafugaji wakaja na fimbo zao, wakaketi juu ya ukuta ulioujenga. Baba mdogo Halake alikuwa mbele yao. Ana ng'ombe wanne tu sasa. Akaiambia kamati, "Mna ahadi nasi." Mwenyekiti akamjibu, "Mzee Guyo alikufa na maneno yake. Nani aliyasikia?"

Halake akanitazama. "Habiba, binti ya ndugu yangu. Wewe ulikuwa hapa. Sema."

Nilisema. Nilisema yote, kama ulivyoyasema, hata neno la mnyama aliyesimama. Mwenyekiti akaniuliza, "Wewe ni katibu wa nani, wa umeme ama wa ng'ombe?" Watu wakacheka.

Fundi Mwiti hakucheka. Alilikaza lango libaki limefungwa, maji yasiingie mferejini, akafuta mikono kwa kitambaa, akaanza kukusanya spana zake. Nikamfuata mpaka kwenye gari. Nilitaka aniambie nimefanya vizuri. Aliniambia tu, "Baba yako aliniahidi zamu ya mwisho, Habiba. Hakuniahidi nikose zamu." Akaondoka kwenda Meru. Hakusema atarudi lini, na hapa hakuna mwingine anayejua kuiwasha.

Nilipita zahanati nikirudi. Kagwiria alikuwa anasafisha kioo cha kandili. Alijua tayari. Akanisogezea kiti, hakunilaumu, na hilo ndilo limeninyima usingizi. Kuna mama wa watu amelazwa pale, siku zake zimekaribia.

Ungekuwa hai ungefanyaje? Ungeshika neno lako, najua. Lakini najua pia ungekwenda kusimama nje ya dirisha lile.

Kwa hiyo nakuahidi hili. Kesho nitanunua betri mpya, na mama yule akianza uchungu nitakwenda kuwamulikia, nami nitaingia ndani kwa sababu mimi ni mwanamke. Mvua ikinyesha nitamfuata Mwiti Meru mwenyewe, nimwambie foleni imeisha, aje amnyweshe ng'ombe wake. Akikataa, nitarudi tena kumwomba.

Lala, Aba. Huko uliko hakuna anayengoja zamu ya maji.

Mwanao, Habiba.

Ng'ombe bado wanalia kule mtoni. Saa tisa na nusu usiku, nalala.