Sabuni Kwenye Tangi Lako

Baba,

Leo sikuenda kazini. Nimekaa hapa jikoni Kitengela, simu iko mbele yangu mezani, na kila mara naishika nione kama chaji imeisha. Injini yako ya boti iko njiani kwa basi, inarudi ziwani kwa kaka yangu Odhi. Kesho Mama anavuka nayo kwenda kliniki ya presha, na mimi ndiye nimesema imepona. Woga nilio nao, Baba, hata chai imenishinda.

Wacha nikwambie vile ilikuwa. Tangu tukuzike, Odhi ameendelea kubeba abiria na hiyo injini kuukuu, kutoka kisiwani hadi ng'ambo. Juzi juzi ikaanza vituko. Inawaka vizuri, inaenda kidogo, halafu inakohoa na kuzima. Wakingoja, inawaka tena. Siku moja ikazima Mama akiwa ndani, upepo unawasukuma kwenye mawe. Mama hajui kuogelea, unajua. Wavuvi wa omena ndio waliwavuta hadi nchi kavu. Odhi akanipigia analia, mwanaume mzima: "Sista, wewe ndiye ulikuwa unakaa na mzee akitengeneza. Naituma kwako."

Mimi! Karani wa Kajiado, ambaye kazi yangu kwako ilikuwa kushika tochi na kukupitishia spana!

Nikatoa lile pipa lako nyuma ya nyumba, nikanunua maji ya mkokoteni wa punda nikalijaza, nikaining'iniza injini na mguu wake ndani ya maji. Jirani yetu Mama Naserian akaja kwa ua na lile swali lake la miaka yote: "Hii mashine inatafuta bahari gani huku kwetu?" Nikacheka. Halafu nikaona kiti chako, na kicheko kikaniishia mdomoni.

Nikafanya kila kitu vile ulikuwa unafanya. Nikamimina petroli kwenye chupa ya kioo, nione kama kuna maji yametuama chini. Hakuna. Nikasafisha filta. Nikafungua kabureta, nikapuliza vijitundu vyake mpaka masikio yakaniuma. Nikatundika mtungi wa petroli kwenye ule msumari wako ukutani, nikavuta kamba. Ikanguruma mpaka mbuzi wa Mama Naserian wakatoroka! Na haikuzima. Hapo ndipo niliogopa kabisa, Baba. Ningemrudishia Odhi nini, injini ambayo ni nzima huku na mgonjwa kule?

Nikakaa chini nikiitazama. Nikatazama msumari. Mtungi uko juu, petroli inashuka yenyewe. Kwa boti tangi liko chini, injini lazima ivute. Kumbe nilikuwa sijapima kitu!

Nikaleta tangi lenyewe, lililokuja pamoja na injini, lile ulilokuwa umeshalifunga kwenye gunia kabla ugonjwa haujakulaza, na Odhi akaondoka nalo baada ya matanga, akaanza kulitumia juzi juzi tu. Nikaliweka chini, nikaunganisha mpira wake. Injini ikawaka, ikaenda, ikakohoa, ikazima. Ile pampu ndogo ya mkono kwenye mpira ilikuwa imenywea, imekuwa bapa. Nikalegeza kifuniko cha tangi. Fyuuu! Likavuta hewa kama mtu aliyezamishwa; kumbe hewa ilikuwa haiingii, ndiyo petroli ikashindwa kutoka. Nikachokoa tundu la hewa la kifuniko na pini ya nywele. Kikatoka kipande cha sabuni ya mche, kikavu, cheusi kwa vumbi, na alama ya kidole chako bado juu yake.

Sabuni, Baba. Makondakta hawataki tangi linalonuka petroli kwa basi, hata likiwa tupu, kwa hivyo kila ukituma tangi ziwani ulikuwa unaziba tundu na sabuni. Halafu, kabla ya simu za mkononi, unaenda kupanga laini kwenye kibanda cha simu Kajiado upigie duka la ufukweni: "Mwambieni Odhi atoe sabuni." Mpaka wakakubandika jina, Mzee Sabuni. Tulikucheka sana. Odhi hakuwahi kukumbuka mwenyewe, angekumbukia nini na simu yako lazima ingekuja? Safari hii tangi lilifika na simu haikuja. Wewe ulikuwa kaburini.

Nililia hapo kando ya pipa, wacha tu.

Na leo asubuhi kondakta akanusa tangi, akakataa. Ilibidi nilizibe tena, kwa mkono wangu. Sasa unaelewa kwa nini simu hii haniachi. Nimempigia Odhi. Nimepigia duka. Nimempigia Odhi tena, akasema, "Sista, umekuwa kama mzee wetu kabisa." Mwishowe nikampigia Mama: "Usipande hiyo boti kabla hujaona sabuni kwa mkono wa Odhi." Akaniambia kwamba tangu tukuzike amekuwa akingoja simu fulani, hajui ya nani, hajui ya nini. Akasema, "Kumbe ni hii."

Pumzika, Baba. Ulikuwa unaniita Dani, yaani nyanya kwa Kijaluo, kwa vile nimebeba jina la mama yako, na ulipenda kusema nyanya yangu hakusahau kitu. Nakuahidi, tangi lolote likitoka hapa nyumbani, simu itatangulia. Kesho asubuhi napiga tena, kabla Mama hajaloa miguu. Wacha wanicheke.

Ni mimi,
Dani Sabuni