Maua ya Mama na maji ya javeli

Alhamisi, 31 Julai. Baridi, vumbi na hasira.

Jua la leo limetoka shingo upande, kama kawaida ya Julai hapa mtaani kwetu Hewa Bora. Vumbi jekundu limekaa juu ya kila kitu: mabati, nguo kwenye kamba, mpaka meno ya anayecheka. Mimi sicheki. Nimekaa mlangoni naandika haya kwenye simu, na mbele yangu kuna makopo ishirini na mawili ya maua yaliyokufa.

Nimeyaua mimi.

Lakini nianze na wengine, maana kuwadharau wengine ni rahisi zaidi.

Jirani yangu Mama Béa anafagia parseli yake, kiwanja chake chote, mpaka ardhi inang'aa kama kipara. Kwake jani ni nyumba ya nyoka. Tangu mwezi wa nne nilipoanza kupanda, kila akipita lazima asimame. "Mama Ruth, hii maua tutaikula na bukari? Panda hata lengalenga!" Mtu ambaye kwake kisichokuwa ugali au mboga ya kuingia sufuriani hakipo duniani. Nilimwitikia kwa adabu, na moyoni nikamweka fungu moja na kuku wake, waliokuja kuchakura mbegu zangu zote za kwanza wasibakishe hata moja.

Halafu kuna watu wa Golf, mtaa wa wenye pesa, anakokaa dada yangu mkubwa, Yaya Clémence. Huko wanaajiri mtu wa kumwagilia nyasi ambazo hata mbuzi haruhusiwi kuzigusa. Mbegu zangu za pili, za zinia, nilizitoa huko. Nasema "nilizitoa". Ukweli ni kwamba niliziiba: siku ya ubatizo wa mjukuu wa Yaya nilipitisha mkono kwenye uzio wa jirani yake, nikachuma vichwa vilivyokauka, nikavitia kwenye mkoba. Sijutii. Mwenye bustani ile sidhani kama anajua jina la ua hata moja.

Bustani yangu mimi haikunigharimu kitu, na hilo nimemtangazia kila mtu, hata asiyeuliza. Makopo niliyaokota kwa wapaka rangi. Udongo niliuchimba kwenye kichuguu nyuma ya kanisa, nikauchanganya na mavi ya mbuzi. Juni baridi ilipouma, miche iligoma kukua majuma matatu, nikawa naifunika kila jioni kwa mifuko mitupu ya unga. Na kwa kuwa maji ya bomba hapa huja yanapojisikia, maua yangu yalikunywa maji ya kusuuzia vyombo na nguo, basi. Sijayapa hata tone la maji safi. Nilijisifu hivyo mpaka watu wakaanza kunikwepa.

Katikati ya mwezi huu yakafunguka. Mekundu, ya machungwa, na moja la waridi ambalo sikulitegemea. Mama Béa alisimama siku hiyo akatazama, akatazama, akasahau lengalenga. Nilifurahi kupita kiasi, na haikuwa furaha nzuri.

Sasa niseme kwa nini niliyataka maua haya.

Kesho ni Agosti mosi, siku ya wazazi. Asubuhi tunakwenda makaburini kuwasafishia wazazi waliotangulia, jioni tunakula na wale walio hai. Mwaka jana Yaya Clémence alileta shada kubwa la maua ya plastiki, akaliweka juu ya kaburi la Mama. Mimi, mbele ya ukoo mzima, nikasema Mama akifufuka leo atadhani tumemzika dukani. Watu wakacheka. Yaya hakucheka. Nikaona haitoshi, nikaongeza kwamba mwakani nitaleta maua ya kweli, ya kupanda kwa mikono yangu.

Mikono yangu siku ile ilikuwa mitupu. Hakuna aliyenikumbusha.

Jumanne nilifua blauzi nyeupe ya kuvaa kesho. Nilitaka ing'ae. Nilikuwa nimekwisha kujiona nikipita kati ya makaburi, maua kifuani, shangazi zangu wakigeuza shingo. Nikamimina javeli, ile dawa ya kung'arisha nguo, bila kupima. Jioni, kwa mazoea ya ubahili wangu, nikachukua beseni lile lile la kufulia, nikajaza kopo langu lenye matundu, nikayamwagilia maua toka juu, moja baada ya jingine, kwa upendo. Harufu niliisikia. Nilidhani ni mikono yangu.

Jana asubuhi petali zilikuwa na madoa meupe. Leo vichwa vyote vimeinama, majani yamekunjamana, na ule wekundu umegeuka rangi ya tambara la jikoni. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Blauzi imetakata vizuri sana.

Nikiri na hili: nilipoona makopo yale, wa kwanza kunijia akilini hakuwa Mama. Zilinijia sura za shangazi zangu. Nikaanza kutunga uongo papo hapo. Mbuzi. Nitasema mbuzi waliingia. Mbuzi wa hapa kwetu wana sifa mbaya, nani angebisha?

Mchana Yaya akapiga simu.

"Mudogo, mwaka hii mimi sileti kitu," alisema. "Ile maneno yako iliniuma sana, lakini ulisema kweli. Mama hakukuwa muntu wa plastique. Nilishaambia famille yote, maua itatoka kwako. Vraiment, merci."

"Ndiyo, Yaya," nikaitikia shukrani zake. Nikakata simu, nikakaa hapa mlangoni, na sijainuka mpaka sasa.

Mwaka mzima nimemdharau dada yangu kwa shada lake. Mwaka mzima yeye alikuwa anayatafakari maneno yangu, yale niliyoyasema ili nichekewe. Kesho kaburi la Mama halitakuwa hata na plastiki, kwa sababu mtu mmoja katika ukoo huu aliniamini. Naona aibu, na si aibu ya mbele ya shangazi.

Uongo wa mbuzi ungewafaa wanaonicheka. Anayenishukuru siwezi kumpa mbuzi.

Kwa hiyo nikimaliza mstari huu nampigia. Nitamwambia nimeyaua mwenyewe, kwa javeli, kwa majivuno. Nitamwomba twende alfajiri, yeye na mimi, kabla wengine hawajafika, tuling'olee kaburi majani na kulifagia vizuri. Akinicheka nitavumilia, ni zamu yake.

Ninachoogopa ni kwamba hatacheka.