Bibi wa Udongo Asiye na Sikio

Dada yangu,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umekaa, maana ukiisoma umesimama unaweza kunirushia sufuria hata kwa mbali. Mimi mzima, meno yote yapo, bado sijaoa. Mama anaendeleaje? Usinijibu "vizuri tu" kama unavyowajibu majirani.

Dereva wa lori la saruji amerudi na habari zenu. Anasema kidole cha mguu wa mama kimekuwa cheusi, ile sukari yake hiyo, na daktari anataka kukikata mapema kabla uozo haujapanda juu. Anasema mama alikubali, mpaka begi la hospitali mkafunga. Ila mkaona mpite kwanza kwa yule mganga wa kilemba cheupe, muulize. Naye hajibu mwenyewe, anajibu kwa sanamu ya bibi wa udongo, ya watu wa kale, iliyofukuliwa makaburini. Inatikiswa. Ikilia, subirini, ikinyamaza, nendeni. Ikalia. Mkafungua begi.

Sikufichi, nilicheka. Nikamuuliza dereva huyo bibi anafananaje, kama anafaa nimpelekee posa. Akasema ni mfupi, mikono imeshika tumbo, macho kama punje za mtama, sikio la kushoto hana. Akasema tena kwamba mama alipoiona sura ile alihisi anaijua tangu zamani, ndiyo maana akaiamini kuliko daktari. Hapo kicheko kilinikauka mdomoni.

Dada, unazijua kazi zangu: leo mitumba, kesho mkaa, keshokutwa fundi wa redio nisiyejua redio. Mwaka jana nilikuwa nafinyanga vyungu. Havikutoka, kila mtu ana sufuria. Nikaona wapita njia wenye kamera wanaulizia vitu vya kale. Mimi vya kale sina, nina udongo. Basi nikawa nafinyanga watu. Namchoma kwenye shimo la pumba, namsugua majivu na chai ya rangi, namzika nyuma ya choo mwezi mzima. Akitoka hapo kamzidi umri babu wa babu yetu. Huyo wenu sikio nilimkata mwenyewe kwa jembe wakati namfukua, nikasema afadhali, uzee umekamilika. Mganga akapita sokoni, akauliza katoka wapi. Nikamwambia makaburini, nimekunja uso kama nimefiwa. Akampokea kwa mikono miwili kama mtoto mchanga. Usimlaumu, mwenzetu anaamini kweli.

Sasa nisikilize, hapa sitanii. Kinacholia tumboni mwa huyo bibi ni kizibo cha soda. Nilikitia kabla sijaziba mgongo, kwa sababu wateja wanapenda kutikisa. Hajawahi kunyamaza na hatanyamaza. Hata mngemuuliza nyumba inaungua, tutoke? angewaambia subirini.

Na sura, mama hakukosea. Mimi shule nilitoka mapema, kuchora sijui. Sura ninayoiweza kwa vidole bila kuangalia ni moja tu, ya kwake. Mama anajiuliza mwenyewe, dada, na kizibo ndicho kinachomjibu.

Mwombe mganga aivunje mbele ya mama. Akikataa, vunja wewe, ugomvi niachie mimi. Mkishakiona kizibo, fungeni begi mwende hospitali. Ningekupigia, lakini simu yangu hupokei tangu nilipomtania mchumba wako, na una haki. Lori linaondoka sasa hivi, na kiti cha mbele dereva kampakia mkewe, mimi sina pa kukaa, kwa hiyo barua inanitangulia. Mimi nakuja kesho.

Msalimie huyo mchumba, mwambie kichwa chake si kikubwa kiasi kile. Mama mshikie miguu kwa niaba yangu, ule mzima na ule mbovu. Na msinipikie wala msinitandikie. Nikifika nataka nikute kufuli mlangoni.

Ni mimi mdogo wako,
Mdomo