Maji Yale Hayakuwa na Chumvi

Kaka yangu Idi,

Nimerudi Tororo leo kutoka kwako Busia. Arobaini yako tumeimaliza salama. Wageni walipoondoka, wifi Nekesa akaniketisha jikoni, akaniambia neno ambalo mpaka sasa sijui niliweke wapi.

Kumbe ulijua! Miaka minane yote ulijua, Idi, na kila nikija kwako unanimiminia chai na kuniuliza kama watoto hawajambo!

Barua hii nataka niisome mwenyewe uwanjani, kwa hiyo acha nieleze toka mwanzo, maana vijana wa sasa hawakuwako. Timu ya mtaa wetu waliianzisha wapagazi wa stesheni, mafundi cherehani na matanboi, wale utingo wa malori ya baba. Wote walicheza peku, isipokuwa golikipa aliyekuwa na buti moja la mzungu wa reli, la mguu wa kulia. Kila mwaka tulikuwa daraja la chini kabisa, na kila mwaka ulituapia kwamba tunapanda.

Jezi nilizishona mimi kwa kitambaa cheupe cha amerikani, nikazipaka rangi ya buluu. Kazi ile niliipenda, wallahi, kuliko kitu chochote changu. Mwenyekiti, Mzee Sefu, hakutaka mwanamke aguse jezi. Alikwisha kuapa kwamba nikikosea mara moja tu, kazi inakwenda kwa fundi wa sokoni.

Na desturi yetu ilikuwa hivi. Baada ya rangi, jezi huzamishwa kwenye maji ya chumvi ili rangi ishike, na kapteni ndiye huyaonja. Wachezaji wote wamesimama, wewe kapteni unachovya kidole kwenye beseni, unakilamba, unapaza sauti, "Imekolea!" Pasipo neno lako, hakuna jezi iliyoingia majini.

Tulipokuwa tunajiandaa kucheza na Busia, chumvi yote niliimalizia kwenye samaki wa kukausha. Kwenda dukani niliona uvivu. Nikajisemea, aka, rangi itashika tu, jua lenyewe hili! Nikaleta beseni la maji matupu. Ukachovya kidole, ukalamba, ukanitazama kidogo.

"Imekolea!"

Ulikuwa na mafua siku ile. Nikadhani ulimi wako umekufa ganzi, nikamshukuru Mungu kwa mafua yako. Astaghafirullah.

Tulihitaji sare tu tupande daraja. Kipindi cha pili mvua ikamwagika, na buluu yangu ikatiririka mapajani mwa wachezaji hadi magotini. Busia walivaa nyeupe. Dakika za mwisho jezi zetu nazo zilikuwa nyeupe, na uso wako ulijaa maji. Ukampasia mtu mwenye jezi nyeupe, na mtu huyo alikuwa wa Busia. Goli. Nilikuwa nimesimama pembeni nimeshika kanga mdomoni.

"Kawauzia mashemeji zake!" Mzee Sefu alipiga kelele, kwa kuwa mkeo katoka Busia. Kwenye kikao wakakuuliza nani aliyeonja maji.

"Mimi."

"Na ulisema yamekolea?"

"Nilisema."

Nami nilikuwa nimekaa pale pale mkekani, hatua tatu kutoka kwako, nikanyamaza. Wakasema umeyapitisha makusudi, wakakufukuza. Ukahamia Busia kupima pamba, na uwanja wetu hukuukanyaga tena. Kila msimu ukifunguliwa, majina ya makapteni huitwa toka wa kwanza, na jina lako wanaliruka. Mimi nipo hapo na beseni langu, maji chumvi tele, nasikia unavyorukwa. Nilikuwa najipoza kwamba hata wewe mwenyewe unaamini ulikosea.

Sasa sikia aliyoniambia Nekesa, huku anachambua mchele, wala hakuninyanyulia uso: "Dada, Idi alijua. Alilamba ile maji, ilikuwa maji tu. Lakini Sefu alikuwa nangoja dada akosee, na siku ya kuonja mvua haikuwako. Akasema, wacha. Mimi nilifikiri unajua."

Nilifikiri unajua! Sinia nililokuwa nimeshika lilianguka, Idi. Nikatoka nje bila viatu.

Nimekukasirikia, nakwambia wazi. Nani alikutuma unibebee? Ungenitia aibu siku ile ile, ningelia siku mbili, yakaisha, nawe ungezikwa hapa kwenu na timu nzima nyuma ya jeneza lako. Badala yake walikuja watatu tu, na Sefu hakuwamo. Lakini hasira hii naona inanirudia mwenyewe. Wewe ulisema uongo wa neno moja kwa kunionea huruma. Mimi niliukalia miaka minane kwa sababu ya jezi.

Jumamosi wanafungua msimu. Nitapeleka beseni uwanjani kama kawaida, nimeweka maji matupu. Kapteni mpya ataonja, atakunja uso, atasema mbele ya Mzee Sefu na mtaa wote kwamba hamna chumvi. Hapo nitawaambia: ndivyo yalivyokuwa siku ile, na aliyeyaleta ni mimi. Kisha nitangoja makapteni waitwe, nisikie kama watakuruka. Kazi ya jezi wakitaka waichukue.

Lala salama, kaka. Ila Jumamosi usinisemee. Niache niseme mwenyewe.

Ni mimi dada yako, mpaka-rangi wa jezi za timu