Saini ya Mama Nabulizi

Kambi ya Nakivale, Jumapili alasiri. Mvua ilianza tukiwa bado misani, na mpaka saa hii mabati yanapiga kelele hadi siisikii redio ya jirani, ambayo siku zingine naisikia hata nisipotaka. Moyo hauko fasi yake.

Ninyi kumi na wawili munaosoma ukurasa wangu huu, nusu yenu mashemeji zangu, munajua mimi ni mwalimu. Miaka kumi na minne nilifundisha darasa la tatu kule Kivu ya Kusini, na somo nililolipenda kuliko yote ni mwandiko. Herufi zinasimama wima, vile masista walitufundisha sisi, na masista hawakuwa na mchezo: ukilaza herufi, rula inalala mkononi. Hapa Uganda diplome yangu iko kwa Kifaransa, na Kifaransa hakifungui mlango hata wa choo. Nikajaribu kulima. Mahindi yakanishinda.

Leo naandika kitu ambacho sijawahi kukiandika humu.

Mimi ni mtu wa kughushi saini.

Bosco ana duka dogo Mbarara, la kuchapa picha na kuuza kava za simu. Nyuma ya pazia kuna meza, na mezani ndipo ninapokaa siku mbili kwa juma. Kwenye ukurasa wake wa mtandaoni anauza jezi, mipira na picha zilizosainiwa na watu mashuhuri, na hakuna mtu mashuhuri hata mmoja aliyewahi kukanyaga duka lile. Anatafuta mfano wa saini, mimi naurudia kwenye karatasi mara hamsini mpaka mkono unazoea, halafu naandika kwenye jezi. Picha za zamani tunazipitisha kwenye chai iliyopoa ili zizeeke. Bosco anatia na cheti chenye muhuri, kinachoapa kwamba kitu ni halali kabisa. Muhuri wenyewe ulichongwa hapohapo mjini.

Nitasema ukweli: kwa wachezaji wa mpira sikukosa usingizi. Nilijiambia mzungu anayelipia jina la mtu asiyemjua amejitakia mwenyewe. Nilikuwa hata nacheka. Kuna siku nilisaini mipira saba kabla ya chai ya asubuhi, na niliporudi nyumbani nilisali vizuri tu.

Halafu ikaja habari ya Mama Nabulizi.

Huyu alikuwa mwimbaji wa nyimbo za Mungu, Mkongo, mkimbizi kama sisi, aliyekaa kambi ya Oruchinga. Sikumwona hata siku moja. Nilimjua kwa sauti, kwenye simu za watu, kila Jumapili na kila matanga. Alipofariki mwaka jana, watu wetu walioko ng'ambo wakaanza kutafuta chochote chake, na Bosco akanusa. Akaleta foto zake thelathini, akaniambia nisaini. Nikamwomba mfano. Hakukuwa na mfano popote. Akasema nitunge.

Hapo nilifanya kosa la mwalimu. Sikujiuliza kwa nini mfano haupo. Nilijisemea kwamba mama wa umri ule, wa upande wetu, anayejua zaburi zote kwa kichwa, lazima alipitia kwa masista. Nikampa herufi za wima, N yenye mkia mdogo, kama nilivyofundishwa mimi. Na kwa kuwa katika nyimbo zake aliwaita wasikilizaji wote wanawe, juu ya jina nikaandika kwenye kila foto: "Kwa mwanangu, Mungu akulinde." Bosco alifurahi. Nami nilifurahi, ile furaha ya kijinga ya kusimama nyuma ya darasa na kuona ubao umeandikwa vizuri.

Jana Bosco aliniita Mbarara haraka. Mnunuzi mmoja alikuwa amemwandikia ujumbe mrefu, na Kiswahili chetu cha Kongo kinampita, akataka nimsomee.

Mnunuzi huyo anaitwa Riziki. Ni mtoto wa Mama Nabulizi, mtoto wake wa pekee. Yeye na mume wake walihamishiwa Norwe miaka saba iliyopita, mama akabaki kwa sababu faili yake ilikwama. Hakuweza hata kuja kuzika. Aliona foto kwenye mtandao, akainunua.

Naweka hapa sehemu moja ya ujumbe wake, maana siwezi kukaa nayo peke yangu: "Wakati niliondoka, mama hakujua kuandika hata A. Ku fasi ya kupokea posho alikuwa anatia kidole. Kumbe alijifunza, na akaniandikia mimi. Nililia siku mbili. Nani alimufundisha? Ninaomba numero yake nimushukuru."

Nilifika kwenye "kidole", nikalirudia neno lile mara mbili. Miaka sita nasimama kwenye mstari wa posho, naona vidole vya wamama vikiingia kwenye wino, na haikunijia hata mara moja kwamba mwenye sauti ile angeweza kuwa mmoja wao. Niliona haya mpaka masikio yakawaka.

Na ujumbe haukuishia hapo. Riziki anataka maneno yale yachongwe kwenye kaburi la mama yake kule Oruchinga, na saini chini yake. Amemwomba Bosco amtafutie fundi wa mawe. Nilipomsomea hayo Bosco alipiga simu hapohapo, fundi akapatikana, yuko Kakiika, palepale Mbarara, na anahitaji karatasi yenye herufi kubwa za kufuatisha. Wa kuzichora ni mimi.

Bosco si mtu mbaya. Ningependa awe mbaya, ingenirahisishia kazi. Alinimiminia chai, akaniambia kwa Kiswahili chake cha sokoni: "Mwalimu, wewe si ni mwalimu? Ambia yeye ni wewe ulifundisha mama. Hiyo si uongo mingi."

Nilishika kalamu. Nakiri. Nilichora K, nikachora w, kwenye a mkono ukagoma. Nikasingizia kichwa, nikanakili numero ya Riziki kutoka kwenye simu ya Bosco, nikarudi Nakivale.

Mke wangu nilimweleza leo asubuhi. Yeye huimba nyimbo za Mama Nabulizi hata akisonga fufu. Hakunitukana, na hilo liliniuma kuliko matusi. Alisema tu kwamba nimwambie mtoto wa watu mapema, kabla jiwe halijachongwa, na kwamba yeye hataniambia mara ya pili.

Baada ya misa nilijibanza kwenye baraza nyuma ya kanisa, nikamtumia Riziki sauti kwa simu. Nilirudia mara tatu kwa sababu ya mvua, au kwa sababu ya woga. "Dada Riziki, mimi ni mwalimu Byamungu. Ile maandiko si ya mama yako. Ni mimi niliandika, na foto za vile ziko thelathini, zote na maneno yale yale. Mama yako sikumufahamu, na sikumufundisha. Unisamehe."

Alama zikaonyesha amesikiliza. Nilisimama pale mpaka watu wote wakaisha kanisani. Nilimngoja anitukane. Nilikuwa tayari kabisa kutukanwa, hata nilikuwa nimeshapanga namna ya kukubali.

Jibu lilikuja baada ya karibu saa moja. Nyuma ya sauti yake kulikuwa na mtoto anacheka, anaongea lugha ya huko. Riziki alisema polepole, bila hasira:

"Mwalimu, ungeniachia hata hiyo."

Halafu ikaja ya pili. Anataka fundi aendelee. Foto ile ameshaionyesha kanisani kwao na kwa wakwe zake, bote banajua mama alimuandikia, na hataenda kubaambia kitu kingine. Ameniomba nimalize herufi, niziandike vile vile nilivyoziandika kwenye foto, nisibadilishe hata moja. Numero ya mwalimu wa mama yake hakuiuliza tena.

Nimezisikiliza zote mbili mara nne. Nilidhani nikisema ukweli nitatua mzigo. Nimeutua, ndiyo, lakini nimeutua kichwani kwake, na yeye yuko mbali, hata wa kumwambia hana.

Fundi anangoja karatasi Jumatano. Nilimwandikia Bosco thelathini bila kuuliza swali hata moja. Sasa anayeniomba ni mfiwa mwenyewe, anajua kila kitu, na ninataka kukataa. Nikatae kwa haki gani?